Kitabu cha mwongozo wa kampuni: amua kitakaa wapi kabla ya kuulizia bei ya kuchapa

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya.

Nimefanya kazi ya uchapaji kwa miaka 16, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Mwanjelwa. Katika kazi zote zinazopita mezani kwangu, hakuna inayoharibika kimyakimya kama vitabu vya mwongozo vya kampuni, yaani mwongozo wa kuendesha mashine, mwongozo wa usalama, kanuni za wafanyakazi, au utaratibu wa kupokea na kutoa mzigo ghalani. Kadi ya harusi ikikosewa jina, mwenye kadi huona siku hiyo hiyo na kazi hurudiwa. Kitabu cha mwongozo kikikosewa hakuna anayelalamika. Kinawekwa kabatini, na kijana mgeni kazini anarudi kumuuliza mwenzake namna ya kuzima mashine.

Mteja akiingia, swali lake la kwanza huwa ni bei ya nakala moja. Ni haki yake kuuliza, lakini mimi siku hizi humrudishia maswali matatu kabla sijataja shilingi yoyote: kitabu hiki kitakaa wapi, kitashikwa na nani, na ni sehemu gani ndani yake itakayobadilika kwanza? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ukubwa wa kitabu, aina ya karatasi, namna ya kukifunga na idadi ya nakala. Bei huja yenyewe baada ya hapo.

Nieleze nilivyojifunza hili. Miaka kadhaa iliyopita nilichapa nakala 300 za mwongozo wa kampuni moja ya kusindika mazao. Ulikuwa wa ukubwa wa A4, kurasa 180, umefungwa kwa gundi mgongoni na kuwekewa kava gumu linalong'aa. Kurasa 180 ni karatasi 90, kwa hiyo nakala 300 zilikula karatasi 27,000, ambazo ni rimu 54. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri, na mteja aliifurahia. Miezi minne baadaye kampuni ilibadilisha mashine moja katika mstari wake wa uzalishaji, na sura nzima ya usafishaji ikawa si sahihi. Kitabu kilichofungwa kwa gundi hakitoi ukurasa mmoja kupisha mwingine. Walibandika vikaratasi vya masahihisho, vikadondoka, na baada ya muda ndani ya jengo moja kulikuwa na vitabu vyenye masahihisho na vingine visivyokuwa nayo. Zaidi ya hapo, waendesha mashine walikuwa wanavilaza vitabu wazi juu ya meza, na kila walipovikandamiza vibaki wazi, mgongo ulipasuka na kurasa zikaanza kutoka. Nilipaswa kuuliza kabla ya kuwasha mashine. Sikuuliza, na fedha ya mteja ilipotea.

Kwa hiyo nianze na ufungaji, kwa sababu hapo ndipo nimeona makosa mengi zaidi.

Kitabu chembamba cha A5 kinachobanwa kwa pini katikati ndicho rahisi na ndicho chepesi kubeba. Sharti lake ni moja tu: idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi ya A4 inayokunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Ukileta kurasa 58, ama utapunguza mbili ama utaongeza mbili, vinginevyo utalipia kurasa tupu mwishoni. Nami sishauri kupita kurasa 60 hivi za karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo), kwa sababu karatasi za katikati husukumwa nje na unene wa zile za juu, na zikikatwa ili zilingane, pambizo la ukurasa wa katikati hubaki jembamba.

Springi ndiyo chaguo langu kwa kitabu kinachokaa kando ya mashine. Kinafunguka kabisa, kinalala chenyewe, na kinaweza kugeuzwa nyuma kabisa hadi ukurasa mmoja tu ukabaki juu, huku mkono wa pili wa msomaji ukiwa huru. Gundi naiachia kitabu cha rafuni kisichobadilika upesi, kwa mfano historia ya kampuni na sera zake za jumla. Faili la pete, lile linalofunguka ili karatasi zitolewe na kuingizwa, linafaa pale ambapo unajua kabisa kwamba sura fulani itabadilika kabla ya mwaka kuisha. Gharama yake ya mwanzo ni kubwa, lakini ile kampuni niliyoitaja ingekuwa na faili la pete, ingechapa karatasi kumi na mbili tu kwa kila nakala, si vitabu vipya.

Tena si kila maelezo yanastahili kuwa ndani ya kitabu. Hatua za kuzima mashine wakati wa dharura zinapaswa kuwa ukutani, kwenye karatasi ya A3 iliyolaminetiwa, kwa maandishi yanayosomeka na mtu aliyesimama hatua tatu kutoka hapo. Hakuna mtu anayefungua ukurasa wa 34 huku mkono wa mwenzake umenaswa.

Nitaendelea na suala la karatasi na mafaili. Kwanza naomba michango na maswali.

Mchangiaji wa kwanza (Mafinga)

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, umenikuta katikati ya jambo lenyewe. Nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao hapa Mafinga, nacho kinapata magogo kutoka msitu wa Sao Hill kama vingi vya huku. Tumeandaa mwongozo wa usalama na wa kuendesha misumeno, kurasa 56 za A5, nasi tunataka nakala 60. Mtu mmoja amenishauri nipeleke Dar es Salaam kwenye kiwanda kikubwa chenye mashine za ofseti kwa madai kwamba huko bei ya nakala ni ndogo zaidi. Mwingine anasema nitoe kopi tu kwenye steshenari ya hapa mjini. Wewe ungefanya nini?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Kaka, aliyekwambia kwamba ofseti ina bei ndogo kwa nakala hakukosea, ila hakukwambia ni kwa nakala ngapi. Mashine ya ofseti huchapa kwa kutumia pleti, yaani bamba jembamba lenye sura ya kurasa zinazochapwa, na pleti hutengenezwa na kulipiwa kabla karatasi ya kwanza haijatoka. Tuchukue mashine inayobeba karatasi ya A3: upande mmoja unachukua kurasa nne za A5, hivyo kurasa zako 56 zinahitaji pleti 14 kwa wino mweusi peke yake. Ukitaka rangi kamili, kila upande unahitaji pleti nne, za samawati, magenta, njano na nyeusi, na hesabu inafika pleti 56. Gharama hiyo ni ile ile uchape nakala 60 au 6,000. Kwa nakala 6,000 inagawanyika hadi inakaribia kusahaulika, lakini kwa nakala 60 inakaa yote mabegani mwako, na bado hujalipia usafirishaji kutoka Dar.

Kwa idadi yako, mashine ya kidijitali inakutosha, nayo hiyo haina pleti. Hesabu yako ya karatasi ni ndogo kuliko unavyodhani: kurasa 56 za A5 ni karatasi 14 za A4 kwa nakala, na nakala 60 ni karatasi 840. Rimu mbili zitatosha na zitabaki karatasi za kufidia zitakazoharibika. Ongeza karatasi 60 ngumu za kava, za gramu 250 hivi. Mwambie mchapaji apige kwanza mstari wa kukunjia kwenye kava kabla ya kulikunja, kwa sababu karatasi ngumu iliyofunikwa rangi nzito hupasuka pale kwenye mkunjo na kuacha ufa mweupe.

Steshenari si jambo baya, ila tofautisha kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye faili na kutoa kopi ya kopi. Kila kopi inayotolewa kutoka kwenye kopi nyingine hupoteza kitu, na kinachopotea kwanza ni picha, ambazo kwa msumeno ndizo muhimu kuliko maneno.

Mchangiaji wa pili (Njombe)

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni moja hapa Njombe, na ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa sababu mwongozo wa wafanyakazi hauchapwi kwa hiari ya mwajiri peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na inasema kwamba iwapo mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kifungu cha 16 kinamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi taarifa ya haki za wafanyakazi. Nawasihi wenye biashara wasiifiche taarifa hiyo ndani ya kitabu na kudhani wamekwishatimiza wajibu, kwa kuwa sheria inasema ionekane.

Kwa upande wa nidhamu, jambo hili lina uzito zaidi. Mfanyakazi akiadhibiwa kwa kuvunja kanuni, moja ya maswali yanayoulizwa ni kama kanuni hiyo ilikuwepo, ilikuwa wazi, na mfanyakazi aliifahamu au alitarajiwa kuifahamu. Kwa hiyo sisi tumeweka mwishoni mwa mwongozo ukurasa mmoja wenye vitobo vya kuchania, ambapo mfanyakazi anaandika jina, tarehe na namba ya toleo alilopokea, anatia saini, na ukurasa huo unachanwa na kuingia kwenye jalada lake. Mchapaji wetu aliweka vitobo hivyo bila shida yoyote. Pia tunaandika likizo ya mwaka kama sheria inavyotaja, siku 28 mfululizo, pamoja na namba ya kifungu, ili sheria ikirekebishwa tujue ni ukurasa gani wa kurudia.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Dada yangu wa Njombe, nakushukuru sana. Ukurasa wa kuchana nitaanza kuwashauri wateja wangu kuanzia kesho. Hoja yako ya namba ya toleo ningependa kuitilia nguvu. Kila ukurasa, si kava pekee, uwe na mstari mdogo chini unaotaja jina la mwongozo, toleo na mwezi wa kutolewa. Karatasi ikichomoka kwenye faili na kuokotwa sakafuni, aliyeiokota ajue mara moja kama bado inatumika. Wale wanaotafuta cheti cha ISO 9001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, watakuta takwa la kudhibiti nyaraka katika kifungu cha 7.5 cha toleo la 2015, lakini hata asiye na haja ya cheti anahitaji utaratibu huo. Na nakala mpya zinapotoka, za zamani zikusanywe kwa kuhesabiwa. Ukigawa 60, zirudi 60.

Mchangiaji wa tatu (Tukuyu)

Wakubwa, shikamooni. Mimi niko kwenye kituo cha kufungasha parachichi hapa Rungwe. Wote mnaijua mvua ya huku. Mwongozo wetu wa usafi tuliuchapa kwenye mashine ya ofisini, na ndani ya wiki mbili maandishi yalikuwa yamemwagika kwa sababu wafanyakazi wanaushika kwa mikono iliyotoka kwenye maji. Isitoshe, karatasi zinajikunja pembeni na mashine inazitafuna. Je, tatizo ni karatasi au ni mashine?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Marahaba, mdogo wangu. Ni vyote viwili, na kila kimoja kina sababu yake.

Maandishi yaliyomwagika yananiambia kwamba mashine yenu inatumia wino wa maji. Wino wa namna hiyo huingia kwenye karatasi na mwingi wake huyeyuka tena ukikutana na tone. Mashine ya leza hutumia tona, ambayo ni unga laini wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kugandishwa juu ya karatasi, na maji hayaiondoi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchapa kwa leza, hata kama mtalazimika kupeleka faili mjini.

Karatasi kujikunja kunatokana na unyevu wa hewa. Karatasi ni nyuzi za mti, nazo hunywa unyevu na kutanuka; upande mmoja ukinywa kuliko mwingine, karatasi inapinda, na ikipinda inakwama ndani ya mashine. Rimu ikifunguliwa, zinazobaki zirudishwe ndani ya kifungashio chake na kufungwa vizuri, wala zisiwekwe sakafuni wala kuegeshwa ukutani. Mkileta karatasi kutoka stoo yenye baridi, ziacheni zilale ndani ya chumba cha mashine usiku mmoja kabla ya kuzitumia. Hili nimelishuhudia Mbeya mwezi wa Machi na naamini Tukuyu hali ni nzito zaidi.

Kwa kurasa zinazoshikwa kwa mikono mibichi, zilamineti, lakini mkumbuke kuacha ukingo wa plastiki wa milimita chache kuzunguka karatasi. Watu wengi hukata hadi kwenye karatasi yenyewe ili ionekane nadhifu, na hapo wanakuwa wamefungua mlango wa maji. Kurasa zilizolaminetiwa ni nene, hivyo chagueni zile kumi zinazotumika kila siku na kuzitia kwenye pete moja ya chuma kupitia tundu la pembeni. Mwongozo kamili ubaki mkavu ofisini.

Na ninyi mnaotumia rangi nyekundu kuonyesha hatari, fikirieni siku ambayo mtu atatoa kopi nyeusi na nyeupe ya ukurasa huo. Nyekundu inakuwa kijivu kama maneno mengine, na onyo linapotea. Onyo liwekewe fremu nene na alama, ili libaki onyo hata bila rangi.

Mchangiaji wa nne (Iringa)

Nimewasoma wote kwa makini. Mimi hufanya kazi ya kutafsiri na kuhariri hapa Iringa, na miongozo mingi ya mashine hunifikia ikiwa ya Kiingereza, mingine ikiwa imeshatafsiriwa kutoka Kichina kwenda Kiingereza kibovu. Naomba tuzungumze kidogo juu ya maneno, maana karatasi nzuri haiokoi sentensi yenye utata.

Chukueni neno "funga". Niliwahi kukuta sentensi hii katika rasimu: "Funga mashine kabla ya kuisafisha." Aliyeandika alikusudia mashine izimwe. Lakini kwa fundi, kufunga mashine ni kuisimika mahali pake na kuikaza kwa bolti. Mwingine ataelewa kwamba mlango wake ufungwe. Andika "Zima mashine, kisha chomoa waya wa umeme," na utata unaisha. Bolti inakazwa na kulegezwa, koki inafungwa na kufunguliwa, swichi inawashwa na kuzimwa; ukishachagua kitenzi kwa kifaa fulani, usikibadilishe hadi mwisho wa kitabu, hata kama mwalimu wako wa insha alikufundisha usirudie neno.

Muda nao una mtego ambao wageni wa lugha yetu hawaujui. "Pumzisha mashine saa 2" inaweza kusomwa kama asubuhi saa mbili, au usiku, au kipindi cha saa mbili. Andika "kwa muda wa saa 2". Na pale unapotaja saa ya siku, ongeza asubuhi, mchana au usiku, hasa kama mashine yenyewe ina saa inayohesabu kuanzia usiku wa manane, kwa sababu ikionyesha 08:00 mfanyakazi wako anaiita saa 2.

Majina ya sehemu za mashine yachukuliwe kwa wanaozitumia. Kabla ya kutafsiri, huwa naomba nizunguke kiwandani na daftari, nanyoosha kidole na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Jina linalotumika pale ndilo linaloingia kitabuni, na jina la mtengenezaji nalitaja mara moja tu kwenye mchoro ili anayeagiza vipuri asipotee.

Jambo la mwisho: michoro na maandishi ya mtengenezaji ni mali yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda. Mwandikieni na kuomba ruhusa kabla ya kuichapa upya ndani ya kitabu chenye nembo yenu.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Mwalimu, umesema yale ambayo mimi huyaona yakiwa yameshachapwa na siwezi tena kuyazuia.

Nimalizie ahadi yangu ya mafaili. Mletee mchapaji PDF, si faili la Word. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, mistari inahama, ukurasa wa 12 unakuwa wa 13, na yaliyomo hayaelekezi tena popote. PDF iliyobeba fonti zake ndani inabaki kama ulivyoiona. Picha zisitumwe kama picha kwenye WhatsApp, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Zitumwe kama hati, na ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa. Rangi au picha inayofika ukingoni mwa ukurasa izidishwe milimita 3 nje ya mpaka, ili kisu kikikosea kidogo pasibaki mstari mweupe. Pambizo la upande wa mgongo liwe pana kuliko la nje, na kwa springi liwe pana zaidi, kwa sababu nimeona mashimo ya springi yakitoboa namba za hatua zote za ukurasa. Maandishi yasiwe chini ya saizi 11, na kwa kitabu cha kando ya mashine napendelea 12.

Kisha omba nakala moja ya majaribio, iliyofungwa kabisa kama zitakavyofungwa nyingine, na usiikague wewe uliyeandika. Mpe mtu atakayeitumia, mwambie afanye kazi kwa kuifuata hatua kwa hatua, nawe usimame kando bila kumsaidia. Kila anaposita, weka alama ukurasa huo. Kaka wa Mafinga, ukikubali kufanya hivyo kabla ya nakala zako 60, tafadhali urudi hapa utueleze.

Mchangiaji wa kwanza (Mafinga)

Mkuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nilichapa nakala moja, nikaifunga kwa springi kama ulivyoshauri badala ya pini, na nikampa mwendesha msumeno wetu mkongwe. Alisita mara tatu. Mara mbili ilikuwa ni hilo hilo neno "funga". Mara ya tatu aliniita na kunionyesha picha ya ukurasa wa 9: kitufe cha kuzimia dharura kimechorwa kushoto, kama kilivyo kwenye kitabu cha mtengenezaji, wakati kwenye msumeno wetu kiko kulia, karibu na goti. Leo mchana tunapiga picha mpya tukiwa mbele ya mashine yenyewe, na faili linarudi kwa mchapaji kesho asubuhi likiwa na kurasa zile zile 56.